SOMO LA ROBO HII: Mtoto Baada ya Maafa – Tujifunze Kutoka Hanang



Somo la robo hii limetokana na swali la mama mmoja, mzee wa kanisa, katika semina ya kamati za diakonia. Nilikuwa nimemaliza kueleza jinsi michango ya waathirika wa Hanang ilivyokusanywa, ikahesabiwa na kupelekwa. Mama yule akanyoosha mkono. "Mratibu," akasema, "umetuambia yalikwenda magunia mangapi. Wale watoto wanaendeleaje?" Mezani nilikuwa na taarifa ya kurasa kumi na mbili yenye picha za rangi. Jibu la swali lake halikuwemo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuwauliza watu wa tiba: mtoto aliyenusurika maafa anahitaji nini hasa, na kwa muda gani? Niliyoyapata ndiyo ninayowaletea. Naomba kamati zilisome somo hili kwa vipande, si kwa kikao kimoja, na kusimama kujadili pale nitakapoomba.

Yaliyotokea Hanang

Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio, wengi wetu huku Arusha tulikuwa tukijiandaa kwenda ibadani. Zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, mkoani Manyara, mvua kubwa ilikuwa imenyesha juu ya Mlima Hanang. Sehemu ya ubavu wa mlima ikameguka. Hapakuwa na mlipuko wa volkano, kama baadhi ya watu walivyodhani. Miamba dhaifu ilinyonya maji mpaka ikashindwa kujishikilia, ikashuka ikiwa tope zito lenye mawe na magogo, ikifuata mikondo ya maji hadi mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi na Jorodom. Watu 89 walipoteza maisha na zaidi ya 100 walijeruhiwa. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa mabadiliko ya tabianchi, alikatisha safari yake na kurudi nyumbani.

Waliokosa makazi walihifadhiwa kwenye majengo ya shule. Serikali ilipeleka madaktari na maofisa ustawi wa jamii. Wajitolea wa Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, chama kilichoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1962, walikuwa miongoni mwa waliofika mapema wakisaidia uokoaji na huduma ya kwanza. Baadaye Serikali pamoja na wadau, Msalaba Mwekundu wakiwamo, walijenga zaidi ya nyumba 100 eneo la Waret kwa ajili ya familia zilizopoteza makazi.

Na sisi tulipeleka magunia. Nitayarudia magunia hayo mbele kidogo.

Kidonda cha tope hakishonwi siku ile ile

Tabibu mmoja wa siku nyingi alinifundisha jambo ambalo sikulijua. Mtoto akiletwa na jeraha lililojaa tope, mzazi hutaka lishonwe papo hapo, damu ikauke, waende. Tabibu mwenye uzoefu hakubali. Jeraha la tope lina uchafu wa chooni, wa zizini na wa shambani. Likifungwa mapema, uchafu unafungiwa ndani. Kwa hiyo linaoshwa kwa maji mengi, nyama iliyokufa inaondolewa, linafunikwa kwa bandeji safi bila kushonwa, na mtoto anachomwa sindano ya pepopunda. Siku ya tatu hadi ya tano anarudi. Kama hakuna usaha, ndipo linashonwa.

Angalieni maana ya jambo hili. Tiba yenyewe inadai kwamba yule aliyemhudumia mtoto siku ya kwanza, au mwenzake, awepo siku ya nne. Shirika la tiba likija na gari, likaosha vidonda mia moja na kuondoka jioni, limefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki inaweza kumkata mtoto mguu.

Mifupa ndiyo inadai muda zaidi. Mtoto aliyevunjika paja anaweza kulala wiki nyingi, na kwa kuwa mfupa wake bado unakua, anatakiwa kuangaliwa tena na tena asije akapona akiwa na mguu mmoja mfupi. Hapa kwetu Ngaramtoni iko The Plaster House, nyumba ambamo watoto waliofanyiwa upasuaji wanakaa mpaka wapone, wengi wao wakiwa wametibiwa katika Arusha Lutheran Medical Centre. Sababu ya kuwapo kwake ni rahisi kabisa. Plasta haiwezi kukaa kavu kwa mtoto anayerudi bomani, analala chini na kuchunga mbuzi. Mnaopita barabara ile mnaweza kuona ni watoto wangapi wenye plasta, na kujua kwamba kisu cha daktari ni sehemu ndogo ya kupona.

Ndege na sabuni

Wengi wetu Arusha tukisikia "msaada wa tiba kwa watoto", inatujia ndege. Tunakumbuka ajali ya Karatu ya tarehe 6 Mei 2017, ambamo wanafunzi 32 wa shule moja ya msingi ya hapa mjini, walimu wawili na dereva walipoteza maisha. Watoto watatu walinusurika. Kwa juhudi za shirika la STEMM, walisafirishwa kwa ndege ya Samaritan's Purse hadi Sioux City, jimbo la Iowa, Marekani, wakafanyiwa upasuaji, na Agosti mwaka huo huo wakarudi nyumbani. Tulikwenda uwanja wa ndege wa Kilimanjaro kwa furaha, na ilistahili.

Ile haikuwa ajali ya asili, lakini naitaja kwa sababu imejenga picha vichwani mwetu. Ndege ilifaa kwa watoto watatu wenye mifupa iliyovunjika vibaya. Baada ya mlima kuporomoka au mto kufurika, watoto walio hatarini ni mamia au maelfu, na wengi wao hawana hata mchubuko. Wamelala wamebanana kwenye sakafu ya darasa. Choo kimoja kinatumiwa na watu wengi mno. Kisima kimeingiwa na tope. Hawa ndio wanaoanza kuharisha wiki ya pili.

Mfano mbaya kuliko yote katika eneo letu la Afrika ni wa Goma, mashariki mwa Kongo, Julai 1994. Chanzo kilikuwa vita vya Rwanda, si mlima, lakini kambi ni kambi. Wakimbizi karibu 50,000 walifariki katika mwezi wa kwanza tu, sehemu kubwa kwa kipindupindu na kuhara damu. Mashirika ya tiba yalikuwapo. Maji safi hayakuwapo ya kutosha, na waliojua kumnywesha mgonjwa kwa utaratibu walikuwa wachache mno kwa umati ule.

Sasa linganisheni na Beira, Msumbiji, baada ya kimbunga Idai cha Machi 2019. Kipindupindu kilithibitishwa mwishoni mwa mwezi huo huo. Wiki moja baadaye chanjo ya matone ikaanza kutolewa, na zaidi ya watu 800,000 wakaipata kwa siku chache. Vituo vya kunyweshea wagonjwa vilifunguliwa mitaani, Madaktari Wasio na Mipaka wakiwa miongoni mwa waliovifungua. Wagonjwa walizidi 6,000. Waliofariki kwa kipindupindu walikuwa 8.

Namba hizi mbili nimezirudia mara nyingi moyoni. Tofauti kubwa kati yake ni maji, chanjo, chumvi na sukari.

Kwa hiyo kila mwanakamati ajue mambo haya hata akiamshwa usiku. Mtoto anayeharisha anapewa dawa ya unga ya ORS, pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi, akinywa kidogo kidogo kila baada ya choo, na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Pakiti zikikosekana: maji safi lita moja (chupa mbili za nusu lita), chumvi nusu kijiko cha chai, sukari vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa. Chumvi isizidi. Akitapika, msubirini dakika kumi kisha mwendelee taratibu. Akilegea, akishindwa kunywa, au choo kikiwa na damu, apelekwe zahanati bila kungoja asubuhi.

Viwango vinavyotumiwa na mashirika duniani vinataka angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, na choo kimoja kwa watu 50 mwanzoni, kisha kwa watu 20 hali ikitulia. Usharika wenye ukumbi unaofikiriwa kuwa makazi ya dharura uhesabu vyoo vyake leo. Nilihesabu vya usharika ninaosali. Viko vinne, na kimoja mlango hauna.

Ugonjwa mwingine ni surua. Kwa mtoto mwenye njaa, katika chumba chenye watu wengi, surua inaua. Ndiyo maana timu za tiba huharakisha kuwachanja watoto kuanzia miezi sita, mapema kuliko ratiba ya kawaida ya kliniki, na kuwapa matone ya vitamini A. Wazazi hubisha: "Huyu alishachanjwa." Kadi imezikwa kwenye tope, kwa hiyo anachanjwa tena, na hakuna madhara. Hapo mwinjilisti au mama wa kikundi akisema neno moja, foleni inasonga.

*Kamati zisimame hapa. Ukumbi wenu ungepokea familia 40 usiku wa leo, maji yangetoka wapi? Nani ana kadi za kliniki za watoto wa mtaa wenu, au walau orodha yao?*

Maziwa ya kopo

Hili nalisema kwa unyenyekevu, kwa kuwa hata mimi nimewahi kuliandika kwenye orodha ya mahitaji. Tusipeleke maziwa ya kopo wala chupa za kunyonyeshea.

Baada ya tetemeko la ardhi la Mei 2006 huko Yogyakarta, Indonesia, maziwa ya unga ya watoto yaligawiwa kwa wingi na watu wenye nia njema. Watafiti walipochunguza, walikuta robo ya watoto waliopewa maziwa hayo walikuwa wameharisha, wakati kwa wale wasiopewa ilikuwa kama mmoja kati ya tisa. Ukiwaza, huhitaji kuwa daktari kuelewa. Maziwa yanataka maji yaliyochemshwa, chupa iliyooshwa, na kuni. Vyote vitatu vimekwenda na tope. Na mama akishapewa kopo, mtoto ananyonya kidogo, maziwa ya mama yanapungua, na kopo likiisha hakuna cha kurudia.

Maneno "hofu imekausha maziwa yake" nimeyasikia hata kwa wauguzi. Hofu huweza kuyachelewesha yasishuke haraka. Haiyakaushi. Mama akikalishwa mahali tulivu, akapewa uji na maji ya kunywa, mtoto akawekwa kifuani mara kwa mara, yanarudi. Kwa hiyo msaada wa mtoto mchanga ni mama yake kula. Mtoto aliyefiwa na mama ni jambo jingine, na huyo anahitaji mhudumu wa afya amfuatilie mmoja mmoja.

Kwa waliovuka miezi sita, kuna utepe wa rangi unaopima mzunguko wa mkono wa juu. Chini ya sentimita 11.5 mtoto yuko hatarini na anatakiwa kupata chakula dawa chini ya usimamizi. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wengi wanao utepe huo. Sharika zenye wahudumu hao kwenye madawati yao zina hazina kubwa kuliko zinavyofikiri.

Mtoto anayeogopa wingu

Watu wa tiba wanasema kwamba mtoto aliyepita kwenye maafa anaweza kukojoa kitandani tena hata kama alishaacha, kumng'ang'ania mama, kukasirika ovyo, kunyamaza, au kukimbilia ndani kila mbingu zikifunga. Wengine hucheza mchezo wa kuzika. Mara nyingi sisi wazazi wa Kiafrika tunaona utundu, tunachukua fimbo.

Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 unasema mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Mtazame ana njaa, ana baridi, yuko na nani. Msikilize kama anataka kusema, wala usimlazimishe kusimulia. Muunganishe na familia yake na huduma anayohitaji. Hakuna linalohitaji digrii. Na watoto wengi hupata nafuu bila daktari wa akili, mradi warudishiwe maisha ya kawaida: watu wao, chakula kwa saa yake, michezo, na shule.

Wachache hawapati nafuu. Miezi mitatu au sita imepita na bado mtoto halali, hali, haongei. Huyu anahitaji mtaalamu, na ndiye ambaye wote tunamkosa, kwa sababu mwezi wa sita sisi tumeshafunga hesabu. Hanang iliporomoka Desemba. Mvua zilizofuata za masika, Machi hadi Mei 2024, zilikuwa nzito kupita kiasi nchini kote. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge tarehe 25 Aprili 2024 kwamba watu 155 walikuwa wamefariki kwa mafuriko na maporomoko. Fikirini mtoto wa Gendabi akisikia mvua hiyo juu ya bati. Sisi ofisini wakati huo tulikuwa tumeshaandika "mradi umekamilika".

Hili ndilo swali la yule mama lilipotugusa.

Asiitwe yatima kabla haijajulikana

Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, watu wa Goma walikimbia usiku, wengine kuelekea Sake, wengine kuvuka mpaka kwenda Rwanda. Watoto zaidi ya 150 walipotezana na familia zao. Kazi ya Msalaba Mwekundu na UNICEF ilikuwa kuandika majina, kuuliza, kulinganisha, na kuwarudisha nyumbani. Wengi walirudi kwa wazazi waliokuwa hai na wakiwatafuta kwa machozi.

Kinyume chake kilitokea Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010. Kikundi cha waumini kutoka Marekani kilikamatwa kikitaka kuvuka mpaka na watoto 33 wakiwaita yatima, bila vibali. Ikabainika kwamba watoto hao walikuwa na wazazi. Sitaki kuwahukumu ndugu wale. Naamini walidhani wanaokoa. Lakini sisi watu wa kanisa tunapenda kujenga vituo vya yatima, vina jiwe la msingi na kibao cha mfadhili, na mara nyingine tunamwondoa mtoto kwa shangazi yake aliyehitaji tu gunia la mahindi na sare ya shule.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulie, na ofisa ustawi wa jamii ndiye wa kuhusishwa. Mtoto akipatikana peke yake, andikeni jina lake, la mzazi, la kitongoji, nguo alizovaa, na mahali alipopatikana, kisha toeni taarifa kwa mtendaji na ustawi wa jamii. Namba ya simu kwa ajili ya watoto ni 116, haina malipo. Asichukuliwe na mtu kwenda kulala kwake "kwa usiku mmoja", hata kama ni mtu anayeheshimika usharikani. Nimeombwa na wachungaji wawili nisiandike sentensi hiyo. Nimeiandika.

Sasa magunia

Tulitangaza kanisani, na watu walitoa kwa moyo. Baada ya ibada palikuwa na mnada wa ndizi na kuku, fedha zikanunua mahindi na maharage, na hayo yalikuwa mazuri. Nguo ndizo zilizotushinda. Zilikuja bila kuchambuliwa: suti za harusi, viatu vya visigino virefu, kiatu kimoja kimoja. Gari tulilokodi kuzisafirisha liligharimu fedha ambazo zingenunua vidonge vya kusafishia maji kwa familia nyingi. Huko zilikofika, vijana waliokuwa wachimbe vyoo wakatumia siku mbili kuchambua viatu vyetu. Uamuzi ulikuwa wangu, si wa mtu mwingine.

Mashirika ya tiba hufanya vipi? Yana kasha la dawa lililopangwa tayari kabla ya maafa, linalojulikana duniani kote, lenye dawa na vifaa vya kuhudumia watu 10,000 kwa miezi mitatu. Aliyelipanga alikaa akafikiri kabla mtu hajalia. Hakuna anayelifungua akakuta kiatu.

Ndugu wahisani, hapa naomba mnielewe. Fedha isiyo na masharti, inayoruhusiwa kubaki mwaka mzima, inaokoa watoto kuliko kontena. Inanunuliwa kitu karibu na walipo, wafanyabiashara wa Babati na Katesh wanapata riziki, na sehemu yake inabaki kwa nauli ya muuguzi atakayerudi mwezi wa sita. Msamaria aliyesimuliwa na Bwana wetu alitibu jeraha, akalipa nyumba ya wageni, kisha akaahidi kupita tena wakati wa kurudi na kulipa kilichozidi. Tumehubiri sana mafuta na divai. Kile kipande cha kurudi hatukukiwekea fungu kwenye bajeti.

Na picha. Ile taarifa ya kurasa kumi na mbili, ukurasa wa mbele, ilikuwa na mtoto analia, kamasi zimemshuka, jina lake limeandikwa chini. Niliichagua mimi kwa kuwa picha za namna hiyo huleta michango. Hakuna aliyemwomba mlezi wake ruhusa. Kuanzia toleo hili hatutatoa picha ya mtoto aliye katika hali ya kudhalilika, wala jina lake. Mkiona picha za vyoo na mapipa ya maji msishangae.

Mlima wetu

Yapo yanayotuhusu moja kwa moja. Meru ni volkano kama Hanang, mrefu zaidi, wenye zaidi ya mita 4,500. Mara ya mwisho ulilipuka mwaka 1910. Wataalamu wa miamba wanatueleza kwamba maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka, na vile vilima na maziwa ya Momella tunayowapeleka watoto wa shule ya Jumapili kuyaona ni alama za tope lile. Simwambii mtu ahame. Mlima hauhitaji kulipuka ndipo mtoto afe. Asubuhi ya tarehe 12 Aprili 2024, hapa Arusha, gari la wanafunzi lilisombwa na maji katika korongo eneo la Muriet, na watoto wakapoteza maisha. Maji hayo hayakuanzia mbali.

Mito yetu, Themi, Naura, Nduruma, Malala na mingine, inashuka kwa kasi kutoka msituni hadi mjini. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Sote tunajua nyumba, mabanda na hata majengo ya ibada yaliyo ndani ya mita hizo.

Ninachoomba kwa kila usharika ni karatasi moja, si mradi. Iandikwe na kamati ya diakonia pamoja na mwenyekiti wa kitongoji na mhudumu wa afya: familia zenye watoto chini ya miaka mitano na wajawazito zilizo kando ya mito na makorongo, njia ya watoto kwenda shule inavuka wapi, na mvua ikizidi nani anasimama pale kuwazuia, ukumbi gani uko mahali pa juu, una vyoo vingapi, ufunguo unakaa kwa nani usiku. Pakiti 100 za ORS na vidonge vya zinki vikae kwenye zahanati iliyo karibu, si kwenye kabati la ofisi ya usharika ambako vitaisha muda wake.

Kwa upande wetu, halmashauri ya mradi imekubali kwamba kuanzia sasa mchango wowote wa maafa utagawanywa: theluthi moja haitaguswa mpaka mwezi wa sita. Wajumbe walibishana sana, na mmoja aliuliza tutawaelezaje watu kwamba fedha yao imelala benki wakati wenzetu wanalala nje. Ni swali la haki. Nimemjibu kwamba wa kuwaeleza ni mimi, na nimeanza na ukurasa huu.

Karatasi za sharika zifike ofisini kabla ya mwisho wa Februari, masika hayajaanza. Sharika za Ngarenanyuki, King'ori na zilizo juu ya Nkoaranga, ambako barabara hukatika mapema, naomba zitangulie. Nitapita mwenyewe kuzichukua, na yule mama mzee wa kanisa amekubali kupanda gari pamoja nami.